Dakika Saba za Dunia na Bomu Linaloulizwa Kila Mara

Nimeulizwa tena swali lile lile, safari hii na msomi ambaye nilitarajia angelipima kwanza: kwa nini tusisubiri asteroidi ya hatari, yaani mwamba wa angani unaolizunguka Jua, ikaribie, kisha tuilipue kwa bomu la nyuklia? Kazi yangu ni kukokotoa njia za asteroidi zinazopita jirani na Dunia. Safari hii nimeamua kuliandika jibu kwa kirefu, kwa sababu dhana hii huwafanya watu wapuuze kitu ambacho sisi hukitafuta kwa udi na uvumba, nacho ni muda.

Dunia hulizunguka Jua kwa kasi ya takribani kilomita 30 kwa sekunde, na kipenyo chake ni kilomita 12,742. Kwa hiyo huchukua dakika saba na ushei tu kusogea umbali ulio sawa na upana wake. Ili mgongano utokee, miili miwili ni lazima ifike mahali pamoja ndani ya dakika hizo chache. Tukiweza kuifanya asteroidi iwahi au ichelewe kidogo, itaikuta njia ikiwa tupu. Hatuhitaji kuisaga.

Hapa ndipo hata watu makini hukosea, nami naomba wavumilie hesabu. Tuseme tumeibadilishia asteroidi kasi kwa sentimita 1 kwa sekunde, mwendo wa sisimizi anayetambaa taratibu. Tukifanya hivyo mwezi mmoja kabla ya mgongano, itakuwa imesogea kilomita 26 hivi, na hizo haziokoi chochote. Tukifanya hivyo miaka kumi kabla, kuzidisha kwa kawaida kunatupa kilomita 3,150. Hata hivyo, msukumo unaofuata mwelekeo wa safari hubadilisha pia urefu wa mzunguko wenyewe, hivyo tofauti hujilimbikiza kila duru na kufikia takribani mara tatu ya hapo, yaani zaidi ya kilomita 9,000, ilhali nusu ya kipenyo cha Dunia haifiki kilomita 6,400. Isitoshe, asteroidi iliyopunguzwa kasi haichelewi, bali huwahi, kwa maana njia yake husinyaa na mzunguko wake huwa mfupi. Nimeshawaona wahandisi wazuri wakibisha jambo hili hadi wakalipiga hesabu wenyewe.

Jambo hilo lilishuhudiwa tarehe 26 Septemba 2022, wakati chombo cha DART cha Marekani kilipojibamiza kwenye Dimorphos, mwezi mdogo wa asteroidi Didymos, kwa kasi ya zaidi ya kilomita 6 kwa sekunde. Picha zake za mwisho bado huzirudia: saa moja kabla, Dimorphos ilikuwa nukta moja ya mwanga, kisha likatokea umbo la yai, kisha mawe yaliyotapakaa juu yake, na picha ya mwisho kabisa ikakatika kabla haijamaliza kutumwa. Chombo kiliigonga Dimorphos kwa mbele na kuipunguzia kasi kwa chini ya milimita 3 kwa sekunde. Mzunguko wake kuizunguka Didymos, uliokuwa wa saa 11 na dakika 55, ukapungua kwa zaidi ya nusu saa.

Kilichosaidia sana ni kifusi. Mawe na vumbi vilivyorushwa nyuma viliongeza msukumo hadi zaidi ya mara tatu ya ule ambao chombo peke yake kingeutoa. Hapa nakiri shaka ambayo vitabu huipita haraka: kiwango hicho ni cha Dimorphos, tena kimekokotolewa kwa kukisia msongamano wake. Mwamba mmoja mgumu huenda usirushe kifusi kingi hivyo, na rundo la changarawe lililoshikamana kwa shida laweza kuvunjika vibaya. Chombo cha Hera cha Ulaya kilirushwa Oktoba 2024 kwenda kulipima jeraha hilo. Hadi vipimo vije, sipendi kuona kiwango cha Dimorphos kikitumika kama kanuni ya asteroidi zote.

Bomu nalo lina mahali pake. Kwa mwili mkubwa mno, au muda ukiwa umebana, mlipuko unaofanywa kando ya asteroidi waweza kuunguza uso wake hadi ugeuke mvuke, na mvuke huo ukiruka huisukuma. Huko ni kusukuma pia. Kuipasua kubwa siku chache kabla ni kubadilisha risasi moja kwa marisau: vipande vingi vikubwa huendelea na njia ile ile.

Ninachokihofia mimi ni asteroidi ambayo haijaonekana. Ile iliyopasuka juu ya Chelyabinsk nchini Urusi tarehe 15 Februari 2013 ilikuwa na upana wa mita 20 hivi na ilitokea upande wa Jua, ambako darubini za ardhini hazioni, na zaidi ya watu 1,000 walijeruhiwa, wengi wao kwa vioo vya madirisha. Miongoni mwa zile za mita 140 na kuendelea, inakadiriwa kwamba hatujapata hata nusu. Ndiyo maana naisubiri kwa hamu darubini ya NEO Surveyor, itakayokaa kilomita milioni 1.5 kutoka Duniani kuelekea Jua na kuzitambua asteroidi kwa joto lake, zikiwemo nyeusi zisizoakisi mwanga.