Zombi 2 Si Mwendelezo wa Filamu Yoyote

Watazamaji wengi hudhani kuwa Zombi 2, filamu ya Kiitalia iliyoongozwa na Lucio Fulci mwaka 1979, ni sehemu ya pili ya hadithi iliyotangulia, na hivyo huidharau kama nakala hafifu. Ukweli ni kwamba filamu ya Mmarekani George Romero, Dawn of the Dead, ilionyeshwa Italia mwaka 1978 kwa jina la Zombi na ikavuma mno, hata namba 2 ikabandikwa kwenye kazi ya Fulci ili kuvuta wateja. Hadithi zenyewe hazihusiani: Romero aliwafungia watu wake katika jengo la maduka, ilhali Fulci anaturudisha kwenye kisiwa cha Karibi, eneo ambako imani ya zombi, yaani maiti anayefufuka na kutembea, ilichipukia. Bajeti ilikuwa ndogo, na sauti zilizoingizwa baadaye haziendani na midomo, hilo silitetei. Lakini chini ya maji zombi anakabana na papa wa kweli, na makaburini maiti anafukuka taratibu, minyoo ikining'inia kwenye tundu la jicho. Ubandia wake unaonekana waziwazi, nami hucheka, kisha hujikuta nimefumba macho.