PCNA: Pete Inayoishikilia DNA Wakati wa Kunakiliwa

Mama mjamzito anayehudhuria kliniki hapa Bagamoyo humezeshwa vidonge vitatu vya SP mbele ya muuguzi. Akiuliza vinafanya nini, huambiwa vinazuia malaria. Ni kweli, ila vinazuiaje? Tuanzie kwenye protini iitwayo PCNA.

Kabla seli haijagawanyika, lazima inakili DNA yake yote, yaani maelekezo ya urithi yaliyoandikwa kwa kemikali nne zinazoitwa herufi A, T, G na C. Kwa binadamu ni takriban herufi bilioni 6. Kinachonakili ni kimeng'enya kiitwacho polimerasi. Kikiachwa peke yake huunganisha herufi chache tu, kisha kinabanduka. PCNA ndiyo inayokishikilia. Ni vipande vitatu vinavyofanana, vilivyoungana kuwa pete, na DNA hupita katikati yake kama uzi wa utunda ndani ya shanga. Polimerasi ikishajishikiza kwenye pete hiyo, haibanduki ovyo. Pete yenyewe hainakili hata herufi moja.

Kuivisha ni kazi ya protini nyingine, RFC, ambayo huifungua pete, huizungushia DNA, kisha huiachia ijifunge. Wala si mara moja. Upande mmoja wa DNA hunakiliwa mfululizo, lakini wa pili hunakiliwa kinyumenyume, vipande vya herufi 100 hadi 200, na kila kipande huanza na pete yake. Hapa ndipo ninapostaajabu: mamilioni ya pete kuvishwa na kuvuliwa kwa saa nane hivi!

Kimelea cha malaria nacho kina PCNA, tena aina mbili. Kwenye slaidi iliyotiwa rangi ya Giemsa, damu ya kidoleni huonyesha kimelea kichanga chenye umbo la kijipete (hiki hakihusiani na pete yetu) na nukta ya zambarau pembeni. DNA yake imo ndani ya nukta hiyo. Baada ya saa 48 kimoja huweza kuzaa vingine 16 hadi 32.

SP haigusi PCNA. Huziba njia ambayo kimelea hutumia kupata foleti, aina ya vitamini B, na bila foleti kimelea hakiwezi kutengeneza herufi T. Pete ipo, polimerasi ipo, herufi hakuna.

Folik asidi ni foleti ya vidonge, ndiyo maana miligramu 5 kwa siku hudhoofisha SP. WHO inapendekeza miligramu 0.4 kwa wajawazito. Kama una vidonge vya folik ulivyonunua duka la dawa, mwonyeshe muuguzi pakiti kabla hujameza SP.