Tagi ya Mkeo Si Tagi Yako: Dhana Potofu za Wanandoa Wanaowinda Wisconsin

"Mwalimu, namleta na shemeji yako asome, ili msimu huu tuwe na tagi mbili."

Maneno hayo yamenifikia tena wiki hii, kwa ujumbe wa sauti, kutoka kwa kijana mstaarabu kabisa ambaye hana nia mbaya. Nafundisha kwa kujitolea kozi ya usalama wa wawindaji hapa Wisconsin, Marekani, na miongoni mwa wanafunzi wangu wamo Waswahili wenzetu kutoka Kongo, Tanzania, Burundi na Kenya. Kuona mume na mke wameketi dawati moja wakijifunza kupakua risasi kunanifurahisha kuliko jambo lolote katika kazi hii. Ila hesabu ya tagi mbili, yaani mume kutumia kibali chake cha kuua mnyama mmoja pamoja na kile cha mkewe, inaniudhi, na nimeamua kuijibu kwa maandishi mara moja, pamoja na dhana nyingine zinazotembea nayo.

"Leseni ya mke ni mali ya familia"

Si kweli. Gari linaweza kuwa la familia, akaunti ya benki vilevile. Leseni ya kuwinda ni ya mtu mmoja, aliyetajwa jina na tarehe ya kuzaliwa. Leseni ya bunduki kwa ayala wa mkia mweupe, mnyama ambaye nusu ya jimbo hili huacha kazi kumfuata kila Novemba, humpa mwenye leseni tagi moja ya dume mwenye pembe. Mume akiua dume Jumamosi, kisha akaua wa pili Jumatatu na kumsajili kwa jina la mkewe aliyekuwa zamu hospitali, amevunja sheria. Na mke aliyetoa namba ya tagi yake huku akijua inatumiwa vipi naye ameingia kwenye kosa hilohilo. Hapo kuna faini, kunyang'anywa nyama, na kufungiwa leseni. Wisconsin imo katika mkataba wa majimbo unaotambua adhabu za aina hiyo, kwa hiyo ukifungiwa hapa usitegemee kuvuka kwenda Minnesota au Michigan kuanza upya. Kwa ndugu zetu ambao faili lao bado liko uhamiaji, sihitaji kueleza kwa nini ayala wa pili hana thamani ya kesi.

Najua dhana hii ilikozaliwa, maana ina nusu ya ukweli ndani yake. Sheria ya Wisconsin inaruhusu kuwinda ayala kwa kikundi, na watu wawili wanatosha kuwa kikundi. Mwanakikundi anaweza kumuulia mwenzake ayala kwa tagi ya mwenzake. Watu husikia sentensi hiyo moja, wakafunga kitabu. Masharti yenyewe ni haya: wote wawili wawe wanawinda kwa bunduki, kila mmoja awe na leseni yake, na wakati na mahali pa kuua, anayepiga awe anawasiliana na yule anayemuulia, kwa kuonana au kusikiana sauti, bila chombo chochote cha kuongeza nguvu. Sheria imetaja kifaa kimoja tu kinachoruhusiwa, nacho ni kile cha masikioni cha mtu asiyesikia vizuri. Simu haihesabiki. Redio za mkononi hazihesabiki. Na uwindaji wa upinde haumo kabisa.

Sasa pima mwenyewe. Mkeo amekaa upande wa pili wa kinamasi, mnaonana kofia za rangi ya machungwa, umepiga madume wawili waliotoka pamoja, naye amekubali wa pili achukue tagi yake: mko ndani ya sheria. Mkeo yuko nyumbani anamuogesha mtoto: hamko ndani ya sheria, hata kama ndiye aliyekufungia chakula na kukuombea dua.

Kinachowaponza wengi ni urahisi wa kusajili. Ayala husajiliwa kwa intaneti au simu, kabla ya saa kumi na moja jioni ya siku inayofuata baada ya kumpata, na kinachotakiwa ni namba ya tagi na maelezo machache. Mtu anaona kwa kuwa mashine haikuuliza swali, basi hakuna swali. Askari wa wanyamapori ndio wanaouliza. Watamkalisha mke kwa adabu na kumwomba asimulie: ulikaa wapi, upepo ulitoka upande gani, risasi iliingia bega la kulia au la kushoto, ayala alikimbia umbali gani kabla ya kuanguka? Aliyepiga hujibu hayo bila kufikiri. Ambaye hakuwepo humtazama mumewe.

Tuache sheria kidogo, maana kinachoniuma zaidi hakimo ndani yake. Mwanamke ametoka kazini amechoka, akakaa darasani saa zote, akajifunza kubeba bunduki mdomo ukielekea pasipo na mtu, akafaulu mtihani. Msimu ukifika, jina lake linakwenda msituni, yeye anabaki. Nimewaona wakirudi mwaka wa pili kuwasindikiza wadogo zao, nawauliza wamewinda mara ngapi, wanacheka na kusema "baba watoto ndiye anayejua mambo hayo." Wanaoanza hapa hulipa dola 5 kwa leseni hiyo ya ayala badala ya dola 24 ambazo mkazi hulipa kwa kawaida. Bei hiyo iliwekwa ili kuvuta watu wapya msituni. Kumnunulia mume ayala wa ziada si kazi yake.

Kwa hiyo siku hizi, wanandoa wakija kujiandikisha, naongea na mke peke yake kwanza. Namuuliza kama anataka kuwinda. Akisema ndiyo, nitamfundisha mpaka aweze. Akisema hapana, namwambia arudi nyumbani kwa amani, na mumewe awinde kwa tagi yake mwenyewe. Walimu wenzangu wengine huona naingilia mambo ya nyumba za watu. Sitaacha.

"Aanze na bunduki yangu ya zamani"

Hii ndiyo inayowafanya wanawake waache kuwinda baada ya risasi tatu, kisha mume anasema mke wake ni mwoga.

Bunduki hupimwa mwilini kama nguo. Kipimo cha kwanza ni urefu kutoka mwisho wa kitako hadi pale kidole kinapofyatulia. Bunduki iliyotengenezwa kwa mwanamume mrefu, akipewa mwanamke mwenye mikono mifupi, inamlazimisha ajinyooshe. Kitako kinatoka kwenye shimo la bega na kukaa juu ya msuli wa mkono. Shingo inasogea mbele kutafuta picha ndani ya darubini, na jicho linakaribia kioo kuliko inavyotakiwa. Akifyatua, bunduki inarudi nyuma, na ukingo wa darubini unamchana juu ya nyusi. Jeraha lenyewe ni dogo, lakini kuanzia hapo kila akigusa kifyatulio atafumba macho kabla ya mlio. Kumwondolea mtu tabia hiyo ni kazi ya muda mrefu.

Kosa la pili ni kumnunulia bunduki nyepesi sana "kwa sababu ni mwanamke." Kwa risasi ileile, bunduki nyepesi hupiga teke kali zaidi kuliko nzito. Kama teke ndilo tatizo, punguza nguvu ya risasi, usipunguze uzito wa bunduki peke yake. Risasi ya kipimo cha .243 inamuua ayala vizuri kabisa ikiwekwa mahali pake, na teke lake ni dogo sana ukilinganisha na .30-06 ambayo waume wengi wanairithisha. Kabla ya hapo aanze na risasi ndogo ya .22, kwenye karatasi, akiwa na vifaa vya kuziba masikio. Mpime pia jicho lake linalotawala: anyooshe mikono, aache upenyo mdogo kati ya viganja, aangalie kitu cha mbali, kisha afumbe jicho moja moja. Jicho ambalo bado linakiona kile kitu ndilo linalotawala. Mkono wa kulia na jicho la kushoto vikikutana kwa mtu mmoja, ni vizuri kujua hilo mapema, asije akalaumiwa kuwa hana shabaha.

Na mwalimu asiwe mume, kama inawezekana. Nasema hivi nikiwaheshimu waume. Mume mwenye subira ofisini na barabarani huipoteza subira hiyo yote mkewe akichelewa kufyatua. Wisconsin ina utaratibu wa kuwinda chini ya mlezi, ambapo mtu asiye na cheti huwinda akiwa na mwindaji mzoefu aliye karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono. Wanandoa wengi huanzia hapo, nami naunga mkono, kwa sharti moja: mlezi asinong'one "piga, piga." Ayala akitokea, anayeshika bunduki ndiye anayeamua. Akiona mwelekeo wa risasi ni mbaya, au nyuma ya mnyama kuna nyumba, au moyo wake tu umekataa, asipige, na njiani kurudi asiulizwe kwa nini.

"Uwindaji ni wa wanaume, mke anasindikiza"

Utafiti wa serikali ya Marekani wa mwaka 2016 ulihesabu wawindaji milioni 11.5, na kati yao milioni 1.1 walikuwa wanawake. Hapahapa Wisconsin, katika chuo kikuu cha Stevens Point, Christine Thomas alianzisha mwaka 1991 mafunzo ya wanawake ya kuwinda, kuvua na kuishi nje, yakasambaa majimbo mengi na hadi Kanada. Mwanamke anayetaka kujifunza mbali na macho ya mumewe, aanzie huko.

"Asiyewinda hana lake mpaka nyama ifike jikoni"

Mke asiyetaka kugusa bunduki ana sehemu kubwa katika uwindaji wa nyumba yake, na sehemu hiyo huanza kabla ya ayala yeyote kuonekana. Siku tisa za bunduki huanza Jumamosi inayotangulia Thanksgiving, sikukuu ya shukrani ya Wamarekani ya Alhamisi ya nne ya Novemba, maana yake sikukuu yenyewe imo ndani. Nani anabaki na watoto, nani anapokea wageni, pesa ya mafuta na risasi inatoka wapi: hayo hukubaliwa Septemba.

Halafu kuna karatasi ya mlangoni mwa friji. Hili nalisisitiza kuliko walimu wengine na nitaendelea kulisisitiza. Mume aandike yuko shamba gani, mti upi, gari ameliegesha wapi, na saa ngapi atakuwa ametoka msituni. Kuanguka kutoka kwenye majukwaa ya juu ya miti ni miongoni mwa ajali zinazoumiza wawindaji wengi Marekani, na aliyeanguka au anayening'inia kwenye mkanda wa usalama hana muda wa kusubiri mpaka mtu aanze kukisia yuko wapi. Saa iliyoandikwa ikipita, mke apige simu kwa jirani wa shamba. Kama naye hapatikani, apige 911, namba ya dharura. Asiogope kuonekana ana wasiwasi.

Jikoni nako kuna maamuzi yake. Ugonjwa wa CWD, unaoharibu ubongo wa ayala, uligunduliwa Wisconsin mwaka 2002. Hajathibitishwa mtu aliyeupata kwa kula nyama, lakini mamlaka za afya zinashauri nyama ya ayala aliyekutwa nao isiliwe, na kupika hakuondoi kisababishi chake. Upimaji wa tezi za shingo kupitia Idara ya Maliasili ni bure. Mpaka majibu yarudi, nyama ikae kwenye friza na lebo yake, isichanganywe na ya ayala mwingine. Kama nyumbani kuna mjamzito au mtoto mdogo, risasi iwe ya shaba. Risasi iliyotengenezwa kwa madini ya risasi (lead) hupasuka vipande visivyoonekana kwa macho, vikasambaa mbali na tundu la jeraha, na kukata nyama pembeni mwa tundu hakutoshi.

"Ayala aliyepigwa na mwanamke si halali"

Waislamu wengi huniuliza hili kwa sauti ya chini, hivyo nalijibu kwa sauti ya juu. Katika hadithi mashuhuri, kijakazi wa Kaab bin Malik, aliyekuwa akichunga mbuzi na kondoo mlima wa Sal'i, aliona mmoja anakufa akamchinja kwa jiwe kali, na Mtume (s.a.w.) akaruhusu aliwe. Mwanamke Mwislamu akitaja jina la Mwenyezi Mungu anapofyatua, windo lake ni kama la mumewe. Akimkuta ayala bado yu hai, amchinje. Mwenye shaka zaidi amuulize sheikh wake, asimuulize mjomba.

"Bunduki ya mmoja wetu, wote tunaishika"

Inategemea kila mmoja ana hadhi gani kisheria. Sheria ya shirikisho inamkataza aliye kwenye viza ya muda, kama ya masomo au ya kazi, kushika bunduki au risasi, isipokuwa katika mazingira machache, mojawapo akiwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Mwenye makazi ya kudumu hayumo katika katazo hilo. Kwa hiyo mume mwenye kadi ya kijani asimpe mkewe mwenye viza ya masomo bunduki ya kujaribia uwanjani kabla mke hajapata leseni yake. Wanunue leseni kwanza, shabaha baadaye.

Katazo jingine ni la mwaka 1996: aliyetiwa hatiani kwa ukatili wa nyumbani, hata kama kosa lilihesabiwa dogo, haruhusiwi kuwa na bunduki wala risasi. Kuandikisha bunduki kwa jina la mke na kuiweka kwenye kabati ambalo mume ana ufunguo wake hakumtoi mume kwenye kosa, na kunamweka mke hatarini mara mbili. Mkiwa na historia hiyo ndani ya nyumba, mwoneni wakili kabla ya kwenda dukani. Mke akitaka kuja darasani peke yake, nafasi yake ipo.