Kitanzi Kilichotokana na Ngumi

Ukifungua projekta ya filamu ya zamani utaona sehemu ambapo utepe umeachwa ulegee kidogo, juu na chini ya lenzi. Ninakarabati mitambo hii, na mafundi wengi ninaokutana nao hawajui kwamba kitanzi hicho ni deni letu kwa mabondia.

Mwaka 1894 kamera ya Thomas Edison ilimeza utepe wa kama dakika moja tu. Raundi ya ngumi, kwa kanuni za Queensberry za 1867, ni dakika tatu. Basi Mike Leonard na Jack Cushing walipopigana studioni kwake New Jersey, raundi ndizo zilizokatwa zitoshee utepe! Zilikuwa sita, kila moja na kisanduku chake cha kuchungulia, na kila kisanduku na malipo yake. Mimi ningekwenda moja kwa moja kwenye cha sita.

Kuongeza urefu wa utepe hakukutosha. Mtambo huuvuta kwa vishindo, picha moja moja, na roli nzito ikishtuliwa hivyo utepe hukatika. Familia ya Latham, waliokuwa wakifanya biashara ya kuonyesha ngumi, ikauacha ulegee: kishindo kinaishia kwenye kitanzi, roli inazunguka taratibu. (Mafundi wao nao walidai ubunifu huo, jina likabaki la Latham.) Mei 1895 walimrekodi Young Griffo akipigana na Charles Barnett juu ya paa la Madison Square Garden, na mwezi huohuo wakalionyesha pambano hilo kwenye pazia kwa kiingilio, miezi saba kabla ya onyesho maarufu la ndugu Lumière mjini Paris.

Tarehe 17 Machi 1897 Enoch Rector, aliyewahi kuwa mwenzao, alikuwa Carson City, Nevada, Bob Fitzsimmons alipomwangusha bingwa James Corbett kwa ngumi ya tumbo raundi ya 14. Filamu ya Rector ilizidi saa moja na nusu, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kuonekana. Ulingo ulimfaa: kamera zake hazikuweza kumfuata mtu, na kamba ziliwazuia wapiganaji wasitoke nje ya picha. Wanawake, ambao kwa kawaida hawakukaribishwa ulingoni, walimiminika kuitazama.

Nguvu hiyo iliwatisha wengine. Jack Johnson, bingwa mweusi, alipomchapa James Jeffries mwaka 1910, miji mingi ya Marekani iliizuia filamu ya pambano. Mwaka 1912 Bunge likapiga marufuku kusafirisha filamu za ngumi kutoka jimbo hadi jimbo. Zuio hilo lilidumu hadi 1940, na muda wote huo mapambano yenyewe yaliendelea.