Hamira kwenye damu sio uchafu, jamani

Wiki iliyopita imetokea tena. Niko maabara, chupa ya damu ya kijana mwenye lukemia (saratani ya damu) imelia kwenye mashine saa tano usiku, yaani kuna kitu kimeota, nikapaka slaidi, nikaangalia, hamira (fangasi wa chembe moja) za duara zinachipua kabisa, hazina ubishi. Nikapiga simu wodini na intani akanijibu jibu ninalolisikia miaka yote: "Sawa dada, ila si itakuwa kontaminesheni tu, uchafu wa nje? Ngoja tuone chupa ya pili."

Hakuna kungoja. Stafilokokasi, bakteria wa ngozi, akiota chupa moja kati ya nne hapo tutabishana, inawezekana kweli sindano imempitia kwenye ngozi. Lakini Candida, hamira tunayemkuta mara nyingi, akitoka kwenye damu, hata chupa moja, hata mara moja, anatibiwa. Na hiyo chupa ya pili mnayoingoja isipoota haijasema lolote, maana kalcha ya damu (kuiotesha damu kwenye chupa) inawanasa kama nusu tu ya wagonjwa ambao Candida ameshaingia ndani ya mwili. Chupa moja imeota, mshukuruni Mungu, msiitupe.

Mgonjwa mwenyewe mwangalieni. Keemo imeshusha nyutrofili (chembe nyeupe za kinga) chini ya 500 kwa mikrolita, imechubua utumbo, ana katheta (mrija) kwenye mshipa mkubwa, na antibayotiki kali zimemaliza bakteria waliokuwa wanawabana fangasi. Homa inaingia siku ya tano na mnaongeza antibayotiki ya tatu! Siku ya nne hadi ya saba homa haijashuka, fikirieni fangasi.

Sasa kinachonichosha zaidi. Nikishawashawishi kwamba ni fangasi kweli, naambiwa "haya, tumeanzisha flukonazo", dawa moja ya fangasi, kama vile fangasi ni mmoja na dawa ni moja. Kwa yule kijana ndivyo ilivyokuwa. Siku ya tatu nafungua sahani ya kuoteshea, koloni (vilima vya hamira vilivyoota) zina rangi ya marijani, laini, zinang'aa. Rhodotorula, hamira mwingine kabisa. Huyu anaishi kwenye maji, kwenye miswaki, kwenye mapazia ya bafu, kwa mtu mzima wa afya hana habari naye, ila akipata katheta ya mgonjwa wa saratani anakaa. Flukonazo haimuwezi, kaspofungini, dawa nyingine ya fangasi, nayo haimuwezi, anataka amfoterisini. Siku mbili zote kijana alikuwa anapewa dawa ambayo kwa fangasi huyu haina kazi.

Trichosporon, fangasi mwingine adimu, naye ni hivyohivyo, kaspofungini haimgusi, vorikonazo ndiyo inafaa. Halafu ana mtego: ganda lake linafanana na la kriptokokasi, hamira mwingine, kwa hiyo kipimo cha antijeni ya kriptokokasi kinaweza kutoka chanya na watu wakaanza kutibu ugonjwa mwingine. Fusarium ni ukungu lakini anaota kwenye kalcha ya damu, tofauti na Aspergillus ambaye hata akijaa mapafuni ni nadra sana kumpata kwenye chupa. Ukiona vipele vyenye maumivu na katikati vyeusi, mshuku Fusarium, nipigie, usisubiri nikupigie mimi.

Na Candida auris, aliyeelezwa mara ya kwanza Japani mwaka 2009, msidhani ni wa huko mbali. Hospitali moja kubwa Nairobi walipohesabu Candida wa kwenye damu kuanzia 2010 hadi 2016, auris alikuwa 38%. Ile stripu ya API, ukanda wa maabara wa kumtambua hamira, inaweza kumwita Rhodotorula glutinis, kwa hiyo nikiona stripu imeandika Rhodotorula na koloni zangu ni nyeupe, siamini stripu, naamini macho. Wenzangu wa maabara, msisaini majibu bila kutazama rangi ya sahani.

Vitabu vinaandika kana kwamba yote yameshatulia. Hayajatulia. Rhodotorula akiota kwenye damu ya katheta tu, ya mkononi iko safi na mgonjwa hana homa, je yuko kwenye damu au amejishikiza kwenye plastiki? Zamani nilikuwa nasema toeni katheta inatosha. Siku hizi nyutrofili zikiwa chini nasema toeni na mtibu, ila nikibanwa nionyeshe ushahidi ninao kidogo. Kipimo cha kuona dawa ipi inamuweza fangasi pia, kwa fangasi hawa adimu natoa namba lakini hakuna mpaka uliokubalika wa kusema hii inafaa na hii haifai. Daktari anaisoma kama hukumu na mimi najua ni makadirio.

Mengine kwa haraka. Candida anatibiwa siku 14 kuanzia kalcha ya kwanza iliyotoka safi, sio kuanzia dozi ya kwanza. Macho yapimwe, na yapimwe tena nyutrofili zikipanda, kwa sababu zikiwa chini jicho linaweza kuonekana safi na kumbe sio. Kabla ya amfoterisini mpeni drip ya maji ya chumvi, na potasiamu na magnesi mzifuatilie, sio kuzipima siku ya kwanza mkasahau. Na chupa mzijaze, mtu mzima mililita 8 hadi 10 kila chupa, mnaniletea mililita mbili halafu mnaniuliza mbona haijaota.

Kijana wetu katheta imetolewa, amfoterisini imeanza juzi, homa imeshuka jana jioni. Chupa zake mpya ziko kwenye mashine, saa 30 sasa, hazijalia.