Si Kaskazi Inayochomoa Kisu

Juzi, kwenye baraza moja ya Mji wa Kale, Mombasa, mzee ninayemheshimu alinieleza kwa yakini kwamba vijana huchomoa visu kwa sababu ya joto, nami nikaiacha kahawa yangu ikapoa. Nimechambua takwimu za uhalifu kwa miaka mingi na hoja hii imenichosha. Safari hii ilikuja na ushahidi: makala aliyotumiwa kwenye simu, ikionya kwamba mambo huharibika kuanzia Juni hadi Agosti. Hiyo ni kalenda ya Chicago, Marekani, ambako miezi hiyo ndiyo ya joto. Kwetu Julai ni kusi, msimu wa upepo wa kusini na ubaridi, na alfajiri wapigadebe wa Likoni huvaa sweta.

Kwamba makosa dhidi ya mtu huongezeka majira ya joto, mtakwimu Mbelgiji Quetelet aliliona katika takwimu za Ufaransa tangu miaka ya 1830, na silibishi. Kinachoniudhi ni kuruka kutoka hapo hadi "damu huchemka". Wanasosholojia Cohen na Felson walieleza mwaka 1979 kwamba uhalifu huhitaji mkosaji na windo wakutane mahali pasipo mlinzi. Januari ya Chicago huwafungia watu ndani. Julai huwatoa wote barabarani. Mombasa, joto la mchana hushuka kutoka karibu nyuzi 33 mwezi Machi hadi karibu 28 mwezi Julai, na hakuna anayejifungia kwa baridi hiyo. Kweli, wakati wa kaskazi, msimu wetu wa joto, nyumba za mabati hazilaliki na watu hukesha nje, lakini baraza iliyojaa watu saa sita za usiku huongeza macho kama inavyoongeza ugomvi. Tena Desemba huja na joto, wageni, harusi na shule zilizofungwa kwa pamoja. Katika OB, daftari la matukio la kituo cha polisi, mambo hayo hayatenganishiki.

Hata hivyo, kuna jaribio linalonikosesha usingizi. Watafiti waliwaweka watu katika vyumba vya nyuzi 22 na vya nyuzi 30, Nairobi na California. Maamuzi mengi hayakubadilika, ila Nairobi waliokaa kwenye joto walikuwa wepesi zaidi kuharibu mali ya wenzao, na California hapakuwa na tofauti hiyo. Watafiti wenyewe waliihusisha na mvutano wa kisiasa wa mwaka 2017. Huenda basi joto huchochea kinyongo kilichokuwapo, nami sina jibu safi.

Mzee hakuridhika. "Mwanangu, mbona mwezi wa pili mimi humgombeza sana mjukuu wangu?"

Nikamuuliza mjukuu huingia ndani saa ngapi mwezi huo.

"Ah, haingii mpaka nimfuate mwenyewe."