Wimbi dogo la redio linavyoiangusha elektroni kutoka angani

Wengi hudhani kwamba wimbi lenye nguvu kubwa ndilo linaloweza kuzitikisa chembe za umeme zilizoizunguka Dunia. Sivyo. Kinachotangulia ni mwendo wa wimbi na mwendo wa chembe kulingana, na hilo ndilo ninalotaka msomaji alishike kabla ya jengine lolote.

Huko juu, kuanzia kama kilomita elfu moja hadi makumi ya maelfu, usumaku wa Dunia umezinasa elektroni na protoni katika mikanda ya mionzi. Iligunduliwa mwaka 1958 kwa setilaiti ya Explorer 1 ya Marekani, ikapewa jina la mwanafizikia James Van Allen. Elektroni iliyonaswa humo haitulii. Inajizungusha kwenye mstari wa sumaku, yaani njia ya usumaku inayopinda angani kutoka kusini hadi kaskazini, inakwenda kaskazini na kurudi kusini, na papo hapo inahamia mashariki kuizunguka Dunia. Kwenye ikweta, mahali palipo mbali na kitovu cha Dunia mara nne ya nusu kipenyo chake, elektroni isiyo na kasi kubwa sana hujizungusha kiasi cha mara 13,500 kwa sekunde.

Sasa lije wimbi la kilohezi chache tu, yaani mitetemo elfu chache kwa sekunde. Elektroni inayokwenda kulikabili hulipokea kwa masafa ya juu zaidi, yaani mitetemo mingi zaidi kwa sekunde. Masafa hayo yakilingana na mizunguko yake, kila mzunguko unapata msukumo wa upande ule ule. Ni kama bembea za Sikukuu pale Mnazi Mmoja: mtoto akisukuma kwa wakati wake bembea inapaa, mtu mzima akisukuma ovyo inasita.

Mara nyingi msukumo huo huigeuza elektroni mwelekeo, ikateremka mpaka kwenye hewa, chini ya kilomita 100 hivi, na safari yake ikaishia hapo. Lakini mawimbi yaitwayo korasi, yanayozaliwa huko huko angani, huweza pia kuizidishia nishati. Katika dhoruba ya Oktoba 2012, setilaiti mbili za Van Allen Probes zilishuhudia elektroni zikipandishwa hadi mamilioni ya elektronivolti, kipimo cha nishati ya chembe. Elektroni kama hizo hupenya hadi ndani ya setilaiti na kuharibu vifaa vyake, ndiyo maana kazi ya kuyachunguza mawimbi haya naiona ya lazima.

Radi nayo hurusha mawimbi ya namna hii. Kuyasikiliza kunataka waya wa shaba uliozungushwa kwenye fremu ya mbao, kikuza sauti na rekoda, kwa sababu masafa yenyewe yamo ndani ya uwezo wa sikio. Mimi huenda Ras Kigomasha, mbali na nguzo za umeme, maana mvumo wa hezi 50 hufunika kila kitu. Mchana husikika ta! tata! za radi, nyingine za mbali kabisa. Usiku huongezeka mlio mfupi unaoshuka upesi na kukwama karibu na hezi 1,700, kwa kuwa wimbi linadundadunda baina ya bahari na ionosfia, tabaka la juu la hewa lenye chembe za umeme, lililo kama dari. Chukua kasi ya mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde, igawe kwa mara mbili ya 1,700: unapata kilomita 88, ndio urefu wa dari hiyo. Mwanafunzi wa skuli anaweza kuipima akiwa Pemba, na mimi hufurahi kila ninapoifanya hesabu hii.

Mluzi mrefu wa radi, ule uliopita angani kwa kufuata mstari wa sumaku, huku sitarajii kuusikia. Tuko karibu na ikweta ya sumaku, na mistari yetu haipandi juu vya kutosha. Husikika Tihany, Hungaria, na mara nyingi radi iliyouzaa imepiga upande wa pili wa mstari huo, jirani na pwani ya mashariki ya Afrika Kusini. Masafa ya juu hutangulia kufika, ya chini hufuata. Mwanafizikia L. R. O. Storey ndiye aliyelifafanua hilo mwaka 1953.

Mitambo ya redio ya binadamu nayo huziangusha elektroni vivyo hivyo. Ule wa NWC, Australia Magharibi, unaotuma ujumbe kwa nyambizi kwa kilohezi 19.8, umezigeuza elektroni njia mpaka setilaiti ya DEMETER ya Ufaransa ikaziona, na athari yake ilionekana ikienea mashariki ya mtambo, upande ambao elektroni huhamia.